Tetemeko la 7.0 limeua kuliko la 8.8: kipimo kinapima nini?

Swali: Nafundisha jiografia sekondari. Niliwaeleza wanafunzi kwamba tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na la Chile la mwezi uliofuata 8.8. Wakaona kwenye jedwali kwamba Haiti walikufa watu zaidi ya laki moja, Chile mia tano na ushei. Wakauliza: sasa hicho kipimo kinapima nini? Halafu, kama wataalamu wanajua mabamba ya dunia yanasogea kwa kasi gani, mbona hawataji siku ya tetemeko, ilhali kwenye volkano watu huhamishwa mapema? La mwisho ni langu mwenyewe: nyumba ikianza kutikisika, mtu atoke mbio au aingie chini ya meza? Kila ninaposoma nakuta jibu tofauti.

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Nianze na kipimo, maana hapo ndipo penye fundo.

Namba ile, 7.0 au 8.8, haipimi madhara. Wala haipimi mtikisiko alioupata mtu aliyesimama mjini. Inapima kilichotokea chini, kwenye ufa wenyewe: eneo la mwamba lililokatika lina ukubwa gani, pande mbili za ufa zimeteleza mita ngapi, na mwamba huo ni mgumu kiasi gani. Vitu hivyo vitatu huzidishwa, na zao lake ndilo linalogeuzwa kuwa namba tunayoisikia kwenye habari. Tena ngazi zake hazipandi kwa kujumlisha. Ukiongeza namba nzima moja, nishati inazidi takriban mara 32. Kati ya 7.0 na 8.8 tofauti ni 1.8, kwa hiyo tetemeko la Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Waache wapige hesabu wenyewe: 10 kwa kipeo cha 2.7. (Magazeti bado yanaandika "kipimo cha Richter". Charles Richter alikitunga mwaka 1935 kwa ajili ya matetemeko ya kusini mwa California, na kikifika kwenye matetemeko makubwa sana hushindwa kuyatofautisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wanatumia hicho nilichokieleza, ila jina la Richter limegoma kutoka midomoni mwa watu.)

Mtikisiko anaoupata mtu una kipimo chake tofauti, kinachoitwa ukali, na kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Mercalli, kinachoanzia I hadi XII kwa namba za Kirumi. Daraja la chini kabisa karibu hakuna anayehisi kitu. La juu kabisa hakibaki kilichosimama. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, lakini ukali wake hutofautiana mji kwa mji, na wakati mwingine mtaa kwa mtaa. Ningekuwa darasani kwako ningeifuta namba ya ukubwa ubaoni kwa muda na kuanza na ramani ya ukali. Wanafunzi wangeona mara moja kwamba swali la "kubwa kiasi gani" linafuatwa na swali la "wapi, na juu ya udongo gani, na chini ya paa la namna gani".

Sasa turudi Haiti. Tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja jioni kasoro dakika chache, ufa ulikatika kilomita kama 25 magharibi ya Port-au-Prince, kina cha takriban kilomita 13. Kwa tetemeko, kilomita 13 ni kina kifupi. Mawimbi hayakupata nafasi ya kupungua nguvu kabla ya kulifikia jiji la mamilioni ya watu. Chile, tarehe 27 Februari saa tisa na nusu usiku, ufa ulipasuka kwa urefu wa kilomita kama 500, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari. Mtu anaweza kusema basi, umbali ndio jibu. Si jibu kamili. Concepción, jiji kubwa la eneo lile, lilitikiswa kwa nguvu ya kutisha na kwa muda mrefu kuliko Port-au-Prince. Hata hivyo jengo moja refu tu, la ghorofa 15, ndilo lililoanguka lote na kulala chini, likawa habari ya dunia nzima kwa sababu lilikuwa la pekee.

Chile inatikisika mara kwa mara. Mwaka 1960 ilipata tetemeko la 9.5 la Valdivia, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo, na mwaka 1985 likaja jingine kubwa katikati ya nchi. Mhandisi wa Chile anajenga akijua kwamba katika maisha yake jengo lake litatikiswa, na sheria inambana aliyejenga kwa kasoro za muundo kwa miaka 10. Port-au-Prince ilibomolewa na matetemeko mwaka 1751 na tena 1770, kisha ufa ukanyamaza. Miaka 240 ni vizazi vingi. Hakuna babu aliyebaki wa kusimulia. Watu walichokikumbuka ni vimbunga vya kila mwaka, wakaezeka paa nzito za zege ili upepo usizing'oe, juu ya nguzo nyembamba zenye nondo chache. Paa lile lile lililowaokoa na kimbunga ndilo lililowaangukia.

Ukitaka mfano usio na tofauti ya utajiri kati ya nchi na nchi, chukua mji mmoja tu: Christchurch, New Zealand. Septemba 2010 tetemeko la 7.1 lilipiga kilomita kama 40 magharibi ya mji, alfajiri, watu wamelala. Hakuna aliyekufa moja kwa moja kwa sababu yake. Februari 2011 likaja la 6.2, dogo zaidi, lakini karibu kabisa na mji, kina cha kilomita 5 hivi, saa saba kasoro mchana watu wakiwa ofisini na barabarani. Walikufa 185, na 115 kati yao walikuwa ndani ya jengo moja. Jengo moja! Uchunguzi wa serikali uliofuata ulikuta kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Na udongo? Septemba 1985 tetemeko la 8.0 lilikatika kwenye pwani ya Pasifiki ya Mexico, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Kwa umbali huo mji ulipaswa kuyumba kidogo tu. Lakini sehemu ya kati ya Mexico City imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, na tope lile lilipokea mawimbi likayakuza, likawa linayumba kwenda na kurudi kila sekunde mbili hivi. Majengo ya ghorofa kati ya sita na kumi na tano hivi, kwa urefu wake, nayo huyumba kwa mwendo unaokaribia huo. Ikawa kama bembea inayosukumwa kila irudipo: kila msukumo mdogo, mwendo mkubwa. Nyumba fupi za jirani na majengo marefu zaidi mengi yalibaki yamesimama katikati ya vifusi. Wakazi walioshuhudia waliona ajabu, lakini ni fizikia tupu. Udongo wa mchanga uliojaa maji una vituko vingine: ukitikiswa hupoteza ushikamano na kuwa kimiminika kwa muda, nyumba zikazama upande mmoja na matangi yaliyozikwa yakaelea juu. Christchurch mitaa mizima ilijaa matope ya namna hiyo, na mingine serikali iliamua watu wasirudi tena.

Sasa mabamba, vile vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia. Hapa kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule hulipotosha, nalo linawaharibia wanafunzi kila kinachofuata: mabamba hayaelei juu ya bahari ya moto. Koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, ni mwamba mgumu. Mawimbi ya pili ya tetemeko, yale yanayotikisa kwa upande, hayapiti kwenye kimiminika, nayo hupita humo bila shida. Mwamba huo, kwa sababu ya joto na muda mrefu sana, husogea polepole ungali mgumu. Mabamba, yenye unene wa kilomita kama 100, husogea pamoja nao kwa sentimita chache kwa mwaka. Bamba la Nazca, la upande wa Pasifiki, linaingia chini ya Amerika Kusini kwa takriban sentimita 7, na upande wa mashariki wa Bonde la Ufa la Afrika unajitenga na bara kwa milimita chache tu. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara yamehama, akachekwa kwa sababu hakuweza kuonyesha nguvu ya kuyasukuma. Ushahidi ulikuja miaka ya 1960 kutoka sakafu ya bahari, Wegener akiwa amekwisha kufa Greenland mwaka 1930.

Mabamba yakikutana hutokea mambo ya aina tatu, na wanafunzi wako wanayajua: yanaachana, yanagongana, au yanapishana ubavu kwa ubavu. Ninachopenda waongeze ni ukubwa wa ufa. Bamba la bahari linapoingia chini ya jingine hushuka kwa mteremko wa taratibu, kwa hiyo eneo la mgusano linaloweza kukwama ni pana mno, mamia ya kilomita kwa urefu na zaidi ya mia kwa upana. Kumbuka namba yetu inatokana na eneo. Ndiyo maana matetemeko ya 9 na zaidi (Chile 1960, Alaska 1964, Sumatra 2004, Japani 2011) yote yametokea kwenye mipaka ya namna hiyo. Ufa wa kupishana, kama wa Haiti au San Andreas wa California, umesimama wima na sehemu yake inayokatika haifiki mbali chini, hivyo ukubwa wake una kikomo. Kikomo hicho hakimpi nafuu mtu aliyejenga juu yake.

Volkano je? Wengi hufundisha kwamba zinaambatana na matetemeko kila mahali. Nusu ya hiyo ni kweli. Himalaya mabara mawili yanasukumana na matetemeko ni makali, kama lile la Nepal la 2015 lililoua watu karibu 9,000, lakini volkano hai hamna. Sababu ni namna mwamba unavyoyeyuka. Mabamba yanapoachana, mwamba moto hupanda kutoka chini, mgandamizo unapungua, nao unaanza kuyeyuka bila hata kuongezewa joto. Bamba la bahari linapozama, hushuka na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Yakifika kina cha kilomita kama 100 yanakuwa yamekamuliwa na kupanda kwenye mwamba moto ulio juu, na maji hushusha joto la kuyeyukia. Himalaya haina tena bamba la bahari linaloshusha maji, wala haina mpasuko. San Andreas vilevile: ufa wa kupishana hauna pa kupatia magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Kuna aina ya tatu, ya Hawaii, ambako joto linapanda katikati ya bamba mbali na mpaka wowote.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la pili. Magma lazima ipande, na haiwezi kupanda kimyakimya. Inapasua mwamba njiani, vikatokea vitetemeko vidogo mamia kwa mamia. Inavimbisha mlima, na vipimo vya setilaiti huona sentimita chache za uvimbe. Inatoa gesi, hasa ya salfa, kwa sababu mgandamizo unapungua. Pinatubo, Ufilipino, uliokuwa umelala miaka kama 500, ulianza dalili hizo mapema mwaka 1991. Taasisi ya volkano ya nchi hiyo na wenzao wa Marekani waliweka vipima-mitetemo, wakapandisha kiwango cha tahadhari hatua kwa hatua, na makumi ya maelfu ya watu wakaondolewa kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni. Mamia ya watu walikufa hata hivyo, wengi kwa mapaa yaliyolemewa na majivu, kwa kuwa kimbunga kilipita siku ileile na mvua yake ikayafanya majivu kuwa mazito maradufu. Lakini mlipuko ule ulikuwa mmoja wa mikubwa kabisa wa karne ya 20. Pasingekuwa na onyo tungekuwa tunahesabu maelfu mengi.

Onyo peke yake halitoshi, na mfano wake wa kuuma ni Nevado del Ruiz, Colombia. Ramani ya hatari ilikuwa imechorwa mwezi mmoja kabla, ikionyesha kwamba mji wa Armero uko kwenye njia ya tope. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985 mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo, lakini uliyeyusha barafu ya kileleni, maji yakabeba majivu na mawe yakashuka mabondeni, na saa mbili na nusu baadaye yakaufikia mji uliokuwa kilomita zaidi ya 70 kwa njia ya mto. Kulikuwa na muda wa kutembea kwa miguu hadi kilima cha karibu. Walikufa watu takriban 23,000. Wataalamu wa volkano hadi leo wakikaa kupanga tahadhari hulitaja jina la Armero, maana pale kilichokosekana ni mtu wa kutoa amri na njia ya kuifikisha.

Nisikupotoshe pia kwamba volkano hazidanganyi. Nyiragongo, huko Kongo, ilikuwa na ziwa la lava wazi kwenye kasoko, na lava yenyewe ni nyepesi kiasi cha kukimbia. Mei 2021 ubavu ulipopasuka, onyo lilikuwa dogo mno. Ontake, Japani, Septemba 2014, ulilipuka kwa mvuke tu, maji ya chini yakipashwa joto ghafla, na wapanda mlima 63 wakafa au kutoweka mchana wa jua zuri, kiwango cha tahadhari kikiwa cha chini kabisa.

Tetemeko la ufa halina safari ya magma. Ufa umekwama, mabamba yanaendelea kusogea, mwamba unajikunja polepole kwa miaka mamia, na kwa vyombo tunapima huo mkunjo vizuri sana. Hatujui tu ni sentimita ipi itakayoufungua. Na ukianza kufunguka, tetemeko litakaloishia 5 na litakaloishia 8 huanza kwa namna ileile. Tofauti ni kwamba moja limesimama njiani na jingine limeendelea kukata. Parkfield, California, palikuwa na desturi ya tetemeko la 6 kila miaka 22 hivi. Wanasayansi wakatabiri kwamba lijalo litakuja kabla ya mwaka 1993, wakajaza vyombo eneo lote wakisubiri. Likaja Septemba 2004, na vyombo vyote vile havikuona dalili ya wazi kabla yake. China walihamisha watu Haicheng Februari 1975 kwa kuwa vitetemeko vya awali vilikuwa vingi mno, wakasifiwa duniani kote. Mwaka uliofuata mji wa Tangshan ukapigwa usiku bila dalili ya kuaminika, na idadi rasmi ya waliokufa ni zaidi ya 240,000.

Lakini angalia hili, maana ndilo ningependa darasa lako liondoke nalo. Mahali palijulikana. Makala ya kisayansi iliyotoka mwaka 2009 ilisema kipande kile cha pwani ya Chile hakijakatika kikamilifu tangu tetemeko la 1835, ambalo Charles Darwin aliliona kwa macho yake alipokuwa safarini. Kwamba kimelimbikiza zaidi ya mita 10 za mwendo. Na kwamba kinaweza kutoa tetemeko la 8 hadi 8.5. Kuhusu Haiti, mwaka 2008 wanasayansi waliwasilisha kwenye mkutano wa jiolojia ya Karibi kwamba ufa ule unaweza kutoa 7.2. Kote kuwili onyo lilikuwa mezani. Upande mmoja majengo yalikuwa yamekwisha kuandaliwa kwa miaka 50, upande wa pili miaka miwili haikutosha kuimarisha hata hospitali. Ndiyo maana mtu akiniuliza lini wataalamu wataanza kutabiri siku, mimi humuuliza: ukitajiwa siku, nyumba utaihamishia wapi?

Usichanganye utabiri na onyo la sekunde. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko huenda kama kilomita 6 kwa sekunde, ya pili yanayobomoa kama 3.5. Vyombo vikinasa ya kwanza karibu na ufa, ujumbe wa redio unayatangulia ya pili. Mexico City hupata dakika nzima kwa matetemeko ya pwani. Japani huwapa wananchi wote onyo hilo tangu 2007. Dakika inatosha kusimamisha treni na kufunga gesi. Ila tetemeko likitokea karibu halisaidii kitu: mwaka 2017 ufa ulipokatika jirani zaidi na Mexico City, king'ora na mtikisiko vilifika karibu pamoja.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye ujenzi, na nikupeleke kwenye nguzo moja. Ndani ya nguzo ya zege kuna nondo zilizosimama, na zimezungushiwa ringi za chuma chembamba. Watu hudhani nondo za wima ndizo zinazookoa. Nguzo ikiyumbishwa, zege la nje hupukutika, na kinacholizuia lile la ndani lisimwagike ni ringi. Zikiwa mbalimbali, nondo hupinda kama fimbo katikati ya ringi na ringi, na ghorofa inashuka. Zikiwa karibu karibu, hasa kwenye vichwa vya nguzo zinapokutana na mihimili, nguzo inapasuka lakini inaendelea kubeba. Ncha za ringi nazo zinatakiwa zikunjwe kuingia ndani ya zege. Fundi akizikunja kwa pembe mraba tu, zege la nje likidondoka ringi inafunguka. Ni kazi ya dakika chache kwa kila ringi, na zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuiona tena. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri kwenye karatasi kabla ya Februari 2023. Pia ilikuwa imetoa misamaha kwa majengo yaliyokiuka kanuni, wenye majengo wakalipa ada yakahalalishwa. Waliokufa nchini humo walizidi 50,000. Jengo la ghorofa lenye maduka chini, lililoondolewa kuta za chini ili pawe na vioo, nalo ni mtego uleule: ghorofa ya chini inakuwa laini kuliko zote zilizo juu yake.

Swali lako la mwisho. Majibu yanapingana kwa sababu yanazungumzia nyumba tofauti. Ndani ya jengo la zege au la mbao lililojengwa kwa kufuata kanuni, piga magoti, ingia chini ya meza imara, shikilia mguu wake mpaka mtikisiko uishe. Wengi wanaoumia katika majengo hayo ni wanaokimbia: vioo, matofali ya ukingo wa paa, ngazi. Ndani ya nyumba ya chini ya udongo au mawe yasiyofungwa kwa mkanda wa zege, yenye paa zito, na mlango wa kutokea uwanjani uko hatua mbili tatu, toka. Habari ya kusimama kwenye fremu ya mlango iachwe. Ilitokana na picha za nyumba za udongo zilizobomoka ukabaki mlango, na katika nyumba za leo fremu haina nguvu ya ziada. Ukiwa pwani, mtikisiko mkali, au uliodumu zaidi ya nusu dakika hata kama ni mdogo, ndio onyo lenyewe. Panda juu mara moja bila kusubiri king'ora. Kisiwa cha Simeulue kilikuwa jirani kabisa na ufa wa Sumatra mwaka 2004, lakini kati ya wakazi kama 78,000 walikufa saba tu, kwa kuwa tangu tsunami ya 1907 wazee waliwafundisha watoto kukimbilia vilimani ardhi ikitikisika.

Mtikisiko ukiisha, zima gesi na moto. Mwaka 1923 jijini Tokyo na Yokohama tetemeko lilipiga saa sita kasoro dakika mbili watu wakipika, na walioungua walikuwa wengi kuliko walioangukiwa. Kisha kaa nje. Mitetemeko inayofuata hupungua kwa utaratibu ambao mwanasayansi Mjapani Fusakichi Omori aliuonyesha mwaka 1894: siku ya kumi huwa na takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya siku ya kwanza, ingawa lolote kati yake linaweza kuwa kubwa. Kabla hujarudi kulala ndani, tazama nyufa. Ufa mwembamba kwenye plasta, au ule unaofuata mshono kati ya ukuta na nguzo, mara nyingi si hatari. Ufa wa mshazari kwenye nguzo, au miwili iliyokatana, au zege lililodondoka mpaka nondo zinaonekana, au mlango uliokuwa unafunga vizuri jana na leo umekwama: hapo pasilale mtu mpaka mhandisi apite.